Kioo cha dirisha, cha chupa, au kile chenye namba 90 na 96: uanze kuchoma kipi?

Mtu akishapata tanuri lake dogo la umeme la kuyeyushia vioo vya sanaa, swali la kwanza huwa ni nyuzi ngapi, masaa mangapi, programu gani niweke kwenye kontrola. Mi naona swali hilo linakuja mapema mno. Cha kwanza ni kioo gani kinaingia humo ndani, maana kioo ndo kinaamua programu, na ukikosea hapo hata ukiwa na tanuri la kisasa kiasi gani kazi itakupasukia tu, tena sio lazima siku hiyo hiyo.

Mimi ilinipasukia baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimetengeneza kisahani, chini kioo cheupe cha dirisha, juu nikapanga vipande vya kijani vya chupa kama majani, nikachoma, kikatoka kimelainika vizuri mpaka ukipitisha kidole husikii kona yoyote. Nikakiweka kwenye shelfu nikawa nakitazama kila nikipita. Usiku mmoja nikasikia "tii", sauti ndogo kabisa, asubuhi nakuta vipande viwili, na ufa haukukata moja kwa moja, ulikuja mpaka kwenye jani la kijani, ukalizunguka lote pembezoni, ndo ukaendelea na safari yake. Hakuna mtu aliyekigusa.

Sababu ni hii. Kila kioo kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, na kila aina ina kiwango chake, hicho ndo kile kifupi cha COE unachokiona kwenye vioo vya kazi hii. Namba 90 maana yake kioo kinatanuka sehemu 90 kati ya milioni 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Inaonekana kitu kidogo mno, lakini piga hesabu: umeunganisha 90 na 96 kwenye sahani ya sentimita 20, kikishaganda kwenye nyuzi 500 kikaanza kushuka mpaka joto la chumbani, huyu wa 96 anataka kusinyaa zaidi ya mwenzake kwa karibu milimita 0.06. Huo ni unene wa unywele mmoja. Mbao ingevumilia, bati lingejikunja kidogo na maisha yakaendelea, ila kioo kikishakuwa kigumu hakijui kujikunja, kinabeba huo mvutano ndani kwa ndani mpaka siku kimechoka. Kwa hiyo kwenye makundi haya matatu nayolinganisha hapa usiniulize kwanza kipi kizuri kwa macho, uliza kipi unakijua kiasi cha kukiamini.

Kioo cha dirisha

Hiki ndo kila mtu anaweza kukipata, masalia ya fundi wa madirisha yanatosha kukufundisha mambo mengi sana bila kuumia roho kipande kikiharibika. Kina unene wa kila aina, kinakatika vizuri ukikipiga mkwaruzo mmoja wa almasi ya kukatia kioo usiorudia rudia, na ukikata vipande vyote kutoka shiti moja hiyo hiyo una uhakika vinaelewana, maana ni kioo kimoja. Hapo ndo nguvu yake ilipo. Namba yake ya kutanuka huwa inacheza kwenye 80 na kitu kuelekea 90, inategemea kiwanda, na ndo maana shiti ya nyumba hii na shiti ya nyumba ile zote za dirisha usizichanganye kwa imani tu.

Ila kina tabia zake. Dirisha la siku hizi linatengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya dimbwi la madini ya bati yaliyoyeyuka, njia ambayo Alastair Pilkington na kampuni yao kule Uingereza waliitangaza 1959, kwa hiyo kila shiti ina nyuso mbili zisizofanana, moja iligusa bati na nyingine iligusa hewa. Kwa macho huoni tofauti. Kwenye tanuri utaiona, hasa ukikilegeza kwa joto kikazama kwenye moldi (kalibu) ya bakuli na ule uso wa bati ukawa juu, ndani ya bakuli unaota ukungu fulani hivi kama mtu amehemea kioo alafu haufutiki. Taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, kwenye giza, inakuonyesha uso wa bati kwa sababu unang'aa kama maziwa, ila vaa miwani ya kinga na usiitazame hiyo taa. Ukishaujua uso wako weka alama, alafu kwenye bakuli uso wa bati ukae chini.

Pia kinapenda kuota utando mweupe kikikaa muda mrefu kwenye nyuzi za 700 na kitu, sio vumbi, ni kioo chenyewe kinaanza kujipanga kuwa fuwele usoni. Dawa yake ni usafi wa kweli (sio kufuta na shati, osha kabisa, kausha, shika pembeni) na kupita haraka kwenye hizo nyuzi ukipanda kwenda juu. Kuyeyusha kabisa mpaka viwe kitu kimoja kinataka nyuzi 830 hivi, zaidi ya vioo vyenye namba, na kukipumzisha wakati wa kushuka (yaani kukisimamisha kwenye joto moja kisijifungie mvutano) ni kwenye 540 mpaka 560. Hiyo namba ya mwisho naomba uikumbuke maana nitairudia.

Na rangi? Hapo ndo watu wanakikimbia, wakati mimi naona wanakionea. Frances na Michael Higgins, mke na mume, walianza kazi yao Chicago mwaka 1948, wakawa wanaweka enameli za rangi kati ya shiti mbili za kioo cha kawaida na kukilegeza kwenye moldi, na sahani zao mpaka leo zinatafutwa. Kwa hiyo enameli za kuchoma kwenye kioo zinafanya kazi, karatasi nyembamba ya shaba katikati ya tabaka mbili inafanya kazi, inakutolea rangi ya damu ya mzee au bluu ya kijani na vipovu vidogo kutegemea hewa iliyobaki humo ndani, na kila mchomo hautafanana na uliopita. Lakini ukweli usemwe, kama kichwani una picha ya ndege mwenye manyoya mekundu, njano na zambarau, vipande vya rangi vilivyokatwa na kupangwa, dirisha halitakufikisha.

Tahadhari moja kubwa: kioo kilichokazwa, kile cha milango ya bafu na vioo vya pembeni vya magari, hakikatiki. Ukiweka almasi na kukivunja kinamwagika chote kuwa punje. Mara nyingi kina mhuri mdogo kwenye kona, uangalie kabla. Kile cha mbele cha gari nacho kina plastiki katikati, hicho achana nacho, na kioo cha kujitazamia mgongo wake una madini na rangi zitakazokuchafulia kazi.

Chupa

Kwa chupa nitasema kwa kifupi. Inapendeza, watu wengi wanaanza nayo kwa sababu ya hamu ya kutumia kitu kilichokuwa kinatupwa, na hamu hiyo naiheshimu, lakini kama chombo cha kujifunzia naiweka mwisho. Chupa moja inaelewana na chupa hiyo hiyo, basi. Chupa mbili za kijani zilizokaa meza moja zinaweza kuwa zimetoka viwanda tofauti miaka tofauti, na wewe huna njia ya kujua kwa kuangalia. Alafu unene wake ni wa ajabu, shingoni mwembamba, kitakoni mnene mara mbili tatu, kwa hiyo ukiilaza iwe bapa lazima uipoze kwa ratiba ya kitako na sio ya ubavu, la sivyo ubavu utakuwa umetulia wakati kitako bado kina joto ndani.

Ukitaka kuifanya, ifanye peke yake: ioshe mpaka gundi ya lebo iishe, toa kifuniko na pete yake ya chuma, ilaze sawasawa isibiringike, panda taratibu, ifikie karibu 790, ishuke na ipumzike kwenye 540 na kitu kama dirisha. Sahani ya kuwekea vitu inatoka safi. Au ipondeponde chupa moja tu iwe chenga, ujaze kwenye moldi, hapo inatoka na ule mwonekano wa barafu ambao shiti haitoi. Sio kazi mbaya hata kidogo, ni kwamba haikupi nafasi ya kuchanganya, na sanaa hii utamu wake mkubwa uko kwenye kuchanganya.

Vyenye namba: 90 na 96

Hapa unalipia kujua. Ndo tofauti yenyewe, sio uzuri. Mtengenezaji amekipima kile chekundu na kile cheupe na kile cheusi akahakikisha vinaweza kuishi pamoja, kwa hiyo ukivipanga wewe kazi yako ni kubuni tu. Bullseye, walioanza 1974 kule Portland, Marekani, ndo jina utakalolisikia sana upande wa 90. Upande wa 96 ulikuzwa na Spectrum, nao walifunga 2016 na vioo vyao vikachukuliwa na Oceanside. Namba 96 pia ni ya wapuliza vioo wengi, kwa hiyo kama unafikiria siku moja kipande chako cha tanuri kiende kikaunganishwa na kazi ya mpuliza, 96 inakupa huo mlango.

Tofauti za kazi kati yao wawili mimi naziona hivi. 96 inalainika mapema kidogo, kingo zinajaa mviringo bila kusukuma joto sana, na mikononi mwangu inakatika kwa upole zaidi. 90 ina rangi nyingi ajabu na chenga na vijiti vyembamba kama uzi na unga wa kila rangi hiyo, ila baadhi ya rangi zake lazima uzijue tabia: nyekundu na machungwa nyingi zinaingia zikiwa na rangi moja na kutoka na nyingine kwa sababu rangi inazaliwa kwenye joto, na zile za bluu ya kijani zenye shaba ukizigusisha na vioo vya rangi ya krimu vyenye salfa zinachora mstari wa kahawia pale zinapokutana. Mara ya kwanza nilifikiri nimeunguza. Sasa hivi naufanya kwa makusudi, mstari ule kwenye mchoro wa ufukwe ni mzuri kuliko ambavyo ningechora kwa mkono.

90 ya Bullseye inayeyuka kabisa kwenye 804 na kupumzika kwenye 482. 96 inakuwa tayari chini kidogo ya hapo, karibu 790 na kitu, na kupumzika kwake ni kwenye 510. Na hapa ndo nairudia ile namba ya dirisha. Watu wanachukua programu iliyoandikwa kwa ajili ya 90, wanaweka kioo cha dirisha, kinayeyuka vizuri tu, alafu kinapumzishwa kwenye 482 wakati chenyewe kilikuwa kimeshaganda nyuzi zaidi ya 50 huko juu kikiwa kinashuka kwa kasi bila mtu kukisubiri. Kinatoka kizuri, kinapigwa picha, alafu kinapasuka. Anayepata lawama ni tanuri, wakati tanuri lilifanya kile kile liliambiwa.

Kupumzisha ndo moyo wa kazi hii kwa aina zote, kwa hiyo ngoja nikae hapa kidogo. Kioo kikishuka, nje kinapoa kwanza na ndani bado, na ukikiachia kikagande hivyo hivyo kinajifungia mvutano hata kama ni kioo kimoja kisichochanganywa na kitu. Unakisimamisha kwenye joto lake la kupumzika mpaka ndani na nje viwe sawa, alafu unakishusha taratibu. Kwa 90 yenye unene wa milimita 6 ni saa 1 kwenye 482, kisha nyuzi 83 kwa saa mpaka 427, kisha 150 kwa saa mpaka 371. Ukifika milimita 12 ni masaa 2, na kushuka ni 55 kwa saa, kisha 99. Ona hapo, unene umekuwa mara mbili na jumla ya muda imekaribia mara mbili, ila itazidi vibaya ukiendelea kurundika tabaka. Na mfuniko usiufungue kuchungulia kikiwa kinashuka. Najua hamu ile. Kaa mbali na tanuri mpaka lisome karibu na joto la chumba.

Unene wa 6 nao sio nambari ya bahati. Kioo kilichoyeyuka kabisa kinapenda kukaa kwenye milimita 6 hivi, kwa hiyo vioo vyenye namba vinauzwa vikiwa na 3 na unaweka tabaka mbili na kazi inabaki na umbo lake. Ukiweka moja tu inajikusanya, kingo zinakuwa nene na kuingia ndani kama kiuno, ukiweka tatu inatambaa nje ya mstari wako. Dirisha la milimita 4 likiwa mbili ni 8, tegemea litambae kidogo, tafuta la 3 ukiweza.

Sasa kosa ambalo hata wazoefu wanafanya: kuamini namba yenyewe. Kwamba hii imeandikwa 90 na ile imeandikwa 90 basi ni ndugu. Hapana. Kutanuka ni nusu ya habari, nusu nyingine ni uzito wa kioo kikiwa laini, yaani kinaanza kuganda wapi na kinaganda kwa spidi gani, na vioo viwili vya namba moja kutoka viwanda viwili vinaweza kukosana kabisa. Namba ni kama ukoo, haikuhakikishii kwamba watu wanaongea. Kama umechanganya watengenezaji, pima.

Kupima kwenyewe

Kata utepe wa kioo cheupe kinachopitisha mwanga ulichokusudia kiwe msingi, upana wa vidole viwili. Juu yake panga vipande vidogo saizi ya ukucha, kimoja cha kila kioo unachokishuku, na kimoja kiwe cha kioo kile kile cha msingi, hicho ni shahidi wako. Choma mpaka viyeyuke kabisa, pumzisha vizuri, poza. Alafu chukua miwani ya jua ya polaraizi na skrini ya kompyuta iliyo nyeupe tupu, zungusha miwani mpaka skrini ionekane nyeusi, ingiza utepe katikati. Palipo na amani utaona giza lile lile. Palipo na ugomvi utaona mwanga mweupe umekizunguka kipande kama mwezi wenye wingu, na kadri unavyong'aa ndivyo mvutano ulivyo mkubwa. Kama hata shahidi wako ana mwanga, usikilaumu kioo kingine, hapo kupumzisha ndo kulikosewa, rudia.

Mabaki ya kisahani changu cha majani nilikuja kuyatazama hivyo baadae. Jani la kijani lilikuwa linawaka pande zote, kama taa.

Wewe uchukue kipi

Kama hujawahi kuchoma, na unataka kuelewa tanuri lako linafanya nini (kona gani ina joto zaidi, moldi inashika wapi, vipovu vinatoka wapi), anza na dirisha, shiti moja, na uichome yote mpaka iishe. Michomo 15 au 20. Utajifunza kusimama kwenye nyuzi 650 na kitu kwa nusu saa ili hewa kati ya tabaka itoke kabla kingo hazijaziba, utajifunza kupaka rafu (kibao cha ndani ya tanuri kinachobeba kioo) ule upako wa kuzuia kioo kisishikamane nayo, na hutakuwa na uchungu wa kuharibu kitu cha thamani.

Kama tayari una michoro na rangi ndo zinakusukuma, usipoteze mwaka mzima kwenye dirisha, nenda moja kwa moja kwenye namba, na kati ya 90 na 96 chukua ile unayoweza kuipata tena mwezi ujao na mwaka ujao bila kuhangaika. Hiki kigezo nakiweka juu ya wingi wa rangi, juu ya kila kitu. Baada ya miezi michache utakuwa na boksi la mabaki, na hayo mabaki ndo yanatoa kazi nzuri za baadae, ukihama namba yote yanakuwa hayana kazi. Kuwa na namba mbili kwenye meza moja mimi sishauri kabisa kwa mtu anayeanza, kipande cheupe cha 90 na cheupe cha 96 vikidondoka pamoja sakafuni hakuna jicho litakalovitenganisha.

Chupa weka kwa ajili ya chupa.

Aina yoyote utakayochukua, upako wa rafu ukiwa bado unga, chenga zikimwagwa, karatasi ya nyuzi ya kutandika chini ya kioo ikikatwa, vaa barakoa ya vumbi ya kweli, sio kitambaa, maana vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki. Na zoa kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Mimi nina ndoo tatu chini ya meza. Moja ya 96, hiyo ndo niliyochagua. Ya pili ya dirisha, kila shiti kwenye mfuko wake na stika ya siku niliyoipata. Ya tatu ni ya vipande ambavyo sikumbuki vilitoka wapi, kuna bluu moja humo nzuri sana, naitoa mara kwa mara naishika kwenye mwanga wa dirisha, alafu naikata kipande cha ukucha na kukipanga kwenye utepe wa majaribio unaofuata.